Mhariri, besi haina kosa, kosa ni letu sisi mafundi

Mhariri, salaam.

Kwanza niwie radhi kwa urefu na kwa herufi zitakazoruka, naandika kwa simu yenye kioo kilichopasuka, na mimi si mtu wa kuandika magazetini, mimi ni fundi wa spika hapa Majengo, miaka 34 sasa nafunga na kufungua maboksi ya watu. Lakini kuna barua mliitoa majuzi ya mzee mmoja wa hapa hapa Mombasa, analalamikia vijana wa Kisauni wanaopiga muziki wa kunguruma usio na maneno, dabstepu waliyoichanganya na rege, akasema ni kelele za Wazungu, zinatikisa nyumba, zinazuia watu kulala, na mwisho akapiga muhuri kwa methali, ngoma ikilia sana haikawii kupasuka. Barua ile ilisomwa barazani kwetu mara tatu kwa sauti, na kila ikisomwa watu wananiangalia mimi. Manake huyo kijana anayetikisa nyumba ni mtoto wa dadangu. Na aliyemfungia zile spika ni mimi.

Nimeona nisikae kimya, watu watadhani tumekubali yote.

Mzee mwenzangu, kwa jambo moja uko sawa na nakupa haki yako mbele ya wasomaji wote. Besi inasumbua jirani kushinda sauti nyingine yoyote, na hiyo si jeuri ya vijana, ni tabia yake. Sauti nyembamba ikigonga ukuta inarudi ama inamezwa na pazia, besi nzito inapita kama haikuuona huo ukuta. Ndio maana ukiwa umelala na kuna harusi mtaa wa pili humsikii mwimbaji, humsikii mpiga kinanda, unasikia dum, dum, dum mpaka saa nane za usiku. Hata serikali inajua, zile kanuni za mazingira za 2009 za kuzuia kelele zimetaja na mtetemo uliozidi kwenye jina lake kabisa, hazikuishia kwa kelele peke yake. Kwa hivyo yule kijana tumemkalisha chini mimi na mamake, na sasa saa tatu za usiku anazima, kama hajasahau, na akisahau mamake anashusha meni swichi nyumba nzima ikae giza.

Lakini siku ile iliyokufanya ushike kalamu mimi nilikuwepo. Nilitoka nje nikasimama karibu na ukuta wako nikasikiliza vizuri, na kilichokuwa kinalia krrr krrr kilikuwa mabati. Mabati ya kwa dadangu yana misumari iliyolegea upande wa kwako, besi ikipita chini yake yanatetemeka yanaanza wimbo wao wenyewe, na kulikuwa na sufuria mbili juu ya kabati nazo zikaitikia. Ndani chumbani muziki ulikuwa mlaini kama mafuta ya nazi, nje ilikuwa posho mill mbovu. Kesho yake nilipanda juu kwa ngazi ya kuazima, umri huu, nikapiga misumari mipya na kuweka vipande vya mpira wa tairi kila panapogusana. Kalale sasa, alafu unieleze.

Turudi kwa hilo la kelele za Wazungu. Hapo ndipo uliponigusa mimi mwenyewe, juu aliyeianzisha hii kazi ya kutoa maneno na kubakisha besi alikuwa fundi kama mimi. Osbourne Ruddock, watu walimwita King Tubby, wa Kingston kule Jamaika, alikuwa anatengeneza redio na kuzungusha waya za transfoma, watu wakimletea vyombo vyao vibovu kama mnavyoniletea mimi mkisema fundi hii ni kitu kidogo tu. Alikuwa na saundi yake, yaani seti yake ya spika kubwa, ya kupiga mitaani. Miaka ya 70 akapata meza ya kuchanganyia sauti, iliyotumika tayari na wengine, ya njia 4 tu, akaiweka chumbani nyumbani kwao Waterhouse na akaanza kufanya jambo ambalo watu wa studio wengi wangeona ni wazimu. Wimbo wa rege ushatengenezwa, mwimbaji kashaimba kaenda zake, yeye anamtoa! Anabakisha ngoma na besi. Alafu anamrudisha kidogo, neno moja, nusu ya neno, analiacha lipotelee kwenye mwangwi kama mtu aliyeita ndani ya kisima. Gitaa linaingia chaka, linaondoka, linarudi likiwa mbali. Hiyo ndiyo dabu. Ukisikia mara ya kwanza unadhani ni wimbo uliopunguzwa, na kweli umepunguzwa, lakini kaa nao kidogo uone ile nafasi iliyoachwa wazi yote imekaliwa na besi. Tubby alipigwa risasi akafa nje ya nyumba yake 1989 na mimi nilikuwa kijana tu wakati huo, sikumjua, nimekuja kumjua uzeeni kupitia mpwa wangu, na sijui niseme nini, nilisikia uchungu kama nimepoteza mtu wa kazi moja.

Wajamaika waliohamia Uingereza walienda na saundi zao. Kulikuwa na mmoja, Jah Shaka, tumempoteza 2023, huyu alikuwa anapiga London usiku kucha mpaka asubuhi kwa mashine moja tu ya santuri, sahani ikiisha anaigeuza kwa mkono na umati mzima unangoja. Hebu mtafutie dijei wa siku hizi awangojeshe watu sekunde kumi uone. Watoto waliokua wakisikia besi za aina hiyo, weusi kwa weupe, ndio waliokuja kuitengeneza dabstepu kusini mwa London mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kulikuwa na duka la santuri huko huko, Croydon, likiitwa Big Apple, lilikuwa kwenye mtaa wa soko, wewe lichukulie kama liko pale Marikiti, huku nyanya na vitunguu, huku santuri, na hapo ndipo walipokuwa wakishinda akina Skream na Benga, watengenezaji wa mwanzo wa dabstepu, wakiwa bado vijana wadogo kabisa. Sasa niambieni kuna Uzungu gani hapo. Kitu kimetoka Kingston kwa fundi wa redio kimefika sokoni Croydon kimefika Kisauni. Embe dodo nalo lilitoka nje ya Afrika na hakuna aliyeliandikia barua.

Alafu kuna hawa wawili, Mala na Coki, wakiwa pamoja wanaitwa Digital Mystikz. Mpwa wangu akiwataja anashusha sauti. Hawa pamoja na mwenzao Loefah walianzisha usiku wao wa muziki Brixton, London, 2005, waliuita DMZ, kwenye ukumbi ulio chini ya jengo la kanisa (barazani waliposikia hivyo walicheka, mmoja akasema kumbe ni ibada), na matangazo yao yalikuwa yanawaita watu waje watafakari uzito wa besi. Mwaka uliofuata watu walikuwa wengi mpaka ikabidi wahamie ukumbi wa juu. Mala akafungua na lebo yake ya kutoa rekodi, Deep Medi, 2006. Na ndani ya muziki wake ukisikiliza utaikuta dabu yote ya Tubby, mwangwi, nafasi, ngoma inayokuja na kuondoka, ila chini kumechimbwa zaidi. 2012 akatoa albamu aliyoifanya na wanamuziki wa Cuba. Hiyo ndiyo iliyomvuruga kichwa mtoto wetu. Akanijia akasema mjomba, huyu katoka London mpaka Havana kutafuta ngoma, na mimi ngoma ziko hapa hapa kwa bibi.

Wengi mnaosema mnaijua dabstepu mnajua ile iliyovuma Marekani kuanzia 2010 hivi, ya Skrillex, inayosaga kama grenda ya kukatia chuma. Siitukani, ilimpa Grammy tatu 2012, riziki ni riziki. Lakini ule msago uko katikati, kwenye masafa ambayo sikio la binadamu linaumia haraka, na hii ya akina Mala mzigo wake uko chini. Ni ndugu waliopewa jina moja, wa baba mmoja mama mbalimbali.

Na sisi Waswahili hiki cha chini tuna neno lake tangu zamani, ndio maana namshangaa mzee mwenzangu. Kwenye ngoma zetu kuna chapuo, ile ndogo, na kuna vumi, ile kubwa ya sauti nzito. Chapuo linasema sana, vumi linasema kidogo. Toa vumi kwenye chakacha uone kama kuna kiuno kitakachogeuka. Basi nilifungua kompyuta ya mpwa wangu siku moja nikaona mistari yake ya sauti imeandikwa majina, gitaa, kofi, honi, na ule wa chini kabisa kauandika VUMI kwa herufi kubwa. Sikumfundisha mimi. Kalisikia kwa bibi yake.

Hesabu ya muziki wenyewe si ngumu. Unaenda mapigo 140 kwa dakika, lakini lile kofi zito la ngoma linaanguka mara moja tu kwenye kila mapigo manne, kwenye pigo la tatu, kwa hivyo kichwa chako kinatikisika kwa 70. Na 70 hapo ndipo rege nyingi za pole zinapotembea. Ndio maana vitu hivi vinaoana bila kulazimishwa, unaweka gitaa la rege juu, chaka, chaka, chini yake besi inakwenda taratibu kama mkokoteni wa maji uliojaa mitungi, na katikati vidude vidogo vinakimbia kwa 140 kama tuktuk za Buxton. Kijana ameongeza na vyake. Usiku mmoja alienda na simu yake kurekodi honi ya meli ya Kilindini, akaipunguza mwendo mpaka imekuwa kama mnyama anayeamka. Ana kile kinanda cha kupuliza kwa mdomo, cha watoto wa shule, kama alichokuwa akipiga Augustus Pablo wa Jamaika, anakitia mwangwi mpaka unahisi uko peke yako ufukweni saa kumi alfajiri. Kuna mtu alimshauri achukue adhana aifanyie hivyo hivyo, akakataa, akasema hiyo si chombo. Nilimpenda sana siku ile.

Sasa nije kwa mambo yangu, ya ufundi, na hapa mnivumilie.

Hilo vumi lake linakaa kati ya mitetemo 40 na 60 kwa sekunde, sisi tunaita hezi 40, hezi 60. Sikio la mtu linaanzia kama hezi 20. Wimbi la hezi 40 hewani lina urefu wa mita 8 na nusu hivi. Chumba cha yule kijana ni mita 3 kwa 3 na nusu. Ni kama kufuga nyangumi ndani ya pipa. Mwaka jana alinijia amenuna, mjomba spika zako hazina besi. Mimi kusikia vile nikavaa viatu hapo hapo. Nikamkuta amebandika trei za mayai ukuta mzima, ameziomba kwa kila kioski kuanzia kwao mpaka Bombolulu, mtu alimwambia zinazuia sauti. Kwa besi trei za mayai ni bure, ni kuzuia feri kwa chandarua. Na yeye mwenyewe amekaa katikati ya chumba kabisa, mkabala na spika, kama mfalme. Mawimbi yanatoka kwa spika yanagonga ukuta yanarudi, na kwenye chumba cha mita 3 na nusu sauti ya hezi 49 hivi ikikutana na mwenzake anayerudi zinauana pale katikati na zinajazana kwenye kuta. Pale alipokaa besi ilikuwa karibu hakuna. Kwa hivyo anaongeza. Haisikii, anaongeza tena. Na dadangu aliyekaa kibarazani ameegemea ukuta akichambua mchele meno yanamcheza, anapiga kelele zima hiyo kitu, mtoto anajibu mama mbona hata haisikiki.

Nikamwambia inuka, njoo usimame hapa kwenye pembe. Akaja. Akanyamaza kama dakika nzima. Akasema, kumbe.

Tukahamisha meza, tukapunguza besi zaidi ya nusu, na spika tukaitoa pembeni maana pembe ya ukuta inaiongezea nguvu bila kuiomba. Mzee mwenzangu, barua yako ilichelewa tu, ungeiandika mwaka jana ningetia sahihi na mimi.

Kisha kulikuwa na shida ya stima. Stima yetu ni hezi 50, na waya wa amplifaya ukiwa mbovu unaisikia kwenye spika, ule mmmmm usioisha. Wimbo aliokuwa anautengeneza ulikuwa kwenye noti ya G, na G ya huko chini ni hezi 49. Sasa 49 na 50 zikilia pamoja zinagombana, sauti inavimba inanywea, inavimba inanywea, mara moja kila sekunde. Kijana alidhani ameivumbua yeye! Alikuwa anawaambia wenzake ni mbinu yake ya bahari, maji kujaa maji kupwa. Nilipokaza waya wa arthi mbinu ikafa, na mtoto akaninunia siku mbili, salamu anaitikia kwa nyusi. Mwishowe aliirudisha mwenyewe kwa kompyuta, noti mbili zinazokosana kwa hezi moja, na leo hiyo ndiyo sehemu tamu kushinda zote kwenye wimbo ule. Na nimekuja kugundua Jamaika nao stima yao ni hezi 50, na Uingereza ni hezi 50, kwa hivyo Tubby na Mala wote wamekua wakisikia mmmmm hii hii yetu ukutani. Marekani ni 60. Sisemi ndio sababu, nasema tu.

Mhariri, watu wengi wanaomhukumu huyu kijana wamemsikia kwa simu. Spika ya simu ni ndogo kama kifuniko cha soda, ukishuka chini ya hezi 200 ama 300 haina jambo la maana inalotoa. Mtu katumiwa wimbo WhatsApp, anabonyeza, anasikia chk, chk, kofi, mwangwi unapotea, anasema sasa muziki uko wapi. Uko chini, umeachwa nyuma. Mafundi tuna hila yake, unaichafua besi kidogo tu, unaitia ukwaruzo ili itoe sauti za juu zake, na sikio la mtu lenyewe linakisia ile ya chini ambayo haipo. Nimemwambia afanye hivyo, hakuna ubaya, mpaka watu wa rege wanafanya. Amekataa. Anasema mwenye kusikia kwa simu na asikie kwa simu. Hapo naona ana kiburi, na nimemwambia, na bado hatujaelewana, na kama kuna msomaji anayemjua amsaidie kumwambia.

Lakini kiburi chake hakijanikera kama yaliyotupata kwenye ukumbi mmoja wa mjini, siutaji jina. Vijana walipewa muda wa saa moja kwenye usiku wa rege. Tulibeba sabufa mbili, zile spika za besi, kwenye tuktuk mbili, kila boksi linakaa kama abiria mnene, tukafunga, nikapima, nikahakikisha kila kitu kiko ndani ya uwezo wake. Ikaanza. Dakika za kwanza watu walisimama tu wakitazamana, alafu nikaona mama mmoja wa makamo aliyekuja kuuza sambusa mlangoni kaweka ndoo chini kashika kifua hivi kwa kiganja, anatabasamu. Dakika ya ishirini meneja kapita nyuma kazima sabufa zote mbili. Hakuuliza, hakusema. Spika za juu zikabaki zinalia chk, chk. Ni kumwalika mtu pilau ukamletea kachumbari na pilipili, sufuria ukaifungia ndani. Na watu wakatoka wakisema hao vijana hawana kitu. Nilipomfuata akaniambia fundi, nilidhani spika zitapasuka.

Na hapo lazima niseme ukweli unaonihusu. Ile hofu yake tumeipanda sisi mafundi. Nimefungua spika zilizokufa hesabu siijui, na nyingi hazikuuliwa na besi. Ziliuliwa na amplifaya ndogo iliyolazimishwa kazi ya kubwa, ikifika mwisho wa nguvu zake wimbi linakatwa kichwa linakuwa bapa, na ule ubapa ndio unaochoma twita, vile vispika vya sauti nyembamba, na ndio unaochoma masikio ya wageni. Nani anafanya hivyo? Mimi. Nimeshafunga harusi za watu mia sita kwa amplifaya ya ukumbi wa watu mia moja, juu mwenye harusi alitaka bei ya chini na mimi nilikuwa na karo ya kulipa, nikazungusha kila kitufe mpaka mwisho nikaenda kukaa nje mbali na spika zangu mwenyewe. Kina mama wamekaa mle ndani saa nne nzima wakipigwa na sauti za katikati zilizopasuka, wanarudi nyumbani masikio yanapiga mluzi, kesho yake wanasema hii miziki ya siku hizi. Matatu nazo ni hivyo hivyo, twita nane juu ya kichwa cha abiria, sabufa moja chini ya kiti imechanika, unalipa nauli na unashuka kiziwi. Kwa hivyo mtu wa Mombasa akisikia neno besi anachokumbuka ni ule uchafu. Hajawahi kukutana na besi iliyooga.

Besi safi haina haja ya kupiga kelele. Chumbani kwa mpwa wangu sasa tunaongea mimi na yeye muziki ukiwa unaenda, kwa sauti hii hii ya kawaida, na ukiweka kiganja mezani unauhisi.

Nawaomba nyinyi wa gazeti kitu kidogo. Kurasa zenu za burudani zimejaa nani kaachana na nani. Tumeni mwandishi mmoja Kisauni asikilize, asiulize maswali, akae tu. Nimeona vijana wa Kenya kama Slikback wametoa rekodi zao kupitia Kampala kwa sababu kule walipata masikio, na huyu wetu naye ameanza kuulizia basi ya Kampala ni pesa ngapi. Dadangu hajui bado, kwa hivyo hilo msilipigie tangazo. Ah, nishaliandika.

Na wewe mzee mwenzangu, hatuna ugomvi. Jumamosi hii baada ya swala ya alasiri pita kwa dadangu, kutakuwa na kahawa chungu na kaimati. Njoo na glasi ya maji uiweke juu ya boksi uone inavyochora. Mabati nishayapigilia. Kiti chako nitakiweka ukutani, usikubali kijana akuvute ukae katikati.

Fundi wa spika,
Majengo, Mombasa